Rangi Isiyopakwa: Vibao vya Elektroniki Barabarani

Katika barabara kuu za Uingereza, kama ile ya M42 karibu na mji wa Birmingham, dereva hupita chini ya vibao vyeusi vilivyotundikwa juu ya njia. Kibao kikionyesha tarakimu 50 peke yake, huo ni ushauri: dereva aombwa asizidi maili 50 kwa saa, yaani kilomita 80 hivi. Tarakimu hizo hizo zikizungukwa na duara jekundu, ni amri ya sheria. Nayo alama ya X nyekundu humaanisha kuwa njia imefungwa. Huenda mbele mna gari lililoharibika, na watu wamekwama ndani yake.

Kikomo cha mwendo huko ni maili 70 kwa saa, na kwa mwendo huo gari hukata mita 31 kila sekunde. Dereva ana sekunde chache tu za kutambua rangi na maana yake. Yafaa basi tujiulize: rangi hiyo, ambayo uhai wa watu waitegemea, hutoka wapi?

NURU YA KUAZIMA NA NURU YA KUTOA

Kibao cha bati kilichopakwa rangi hakina nuru yake. Huazima nuru ya jua au ya taa za gari, humeza baadhi ya rangi zilizomo, na kurudisha zilizosalia. Rangi nyekundu ya kupaka humeza kijani na buluu na kurudisha wekundu. Ikiwa nuru inayokiangukia haina wekundu, kibao hakina cha kurudisha. Mathalani, taa za sodiamu za kanieneo ndogo, zilizotumika sana katika barabara za Uingereza katika karne ya 20, hutoa karibu manjano matupu, yenye urefu wa wimbi wa nanomita 589. Chini ya taa hizo kitu chekundu huonekana kama cheusi.

Kibao cha elektroniki hakiazimi. Kila nukta yake ni taa ndogo iitwayo diodi itoayo nuru, ambayo mafundi huifupisha kwa herufi LED. Ndani yake mna fuwele ya semikondakta yenye pande mbili. Upande mmoja una elektroni za ziada. Wa pili una matundu, yaani nafasi zilizopungukiwa na elektroni. Umeme ukipitishwa, elektroni huvuka mpaka na kutumbukia katika matundu. Kila elektroni inayotumbukia hupoteza nishati, na nishati hiyo hutoka ikiwa chembe ya nuru, yaani fotoni.

Kimo cha anguko hilo hutegemea elementi zilizounda fuwele, na kimo ndicho kiamuacho rangi. Mwanafunzi aweza kukokotoa mwenyewe: agawanye 1240 kwa urefu wa wimbi katika nanomita, naye atapata nishati ya fotoni katika elektronivolti. Nyekundu ya nanomita 625 huhitaji 1.98, kaharabu ya 590 huhitaji 2.10, kijani cha 525 huhitaji 2.36, na buluu ya 470 huhitaji 2.64.

Mwaka 1962, Nick Holonyak wa Marekani aliunda diodi ya nuru nyekundu kwa kutumia galiamu, aseniki na fosforasi. Buluu yenye mwanga mkali ilikawia miaka 30 zaidi, kwa kuwa fuwele safi za galiamu na nitrojeni zilikuwa ngumu mno kukuzwa. Isamu Akasaki, Hiroshi Amano na Shuji Nakamura, wote wazaliwa wa Japani, ndio waliofaulu, na mwaka 2014 walitunukiwa Tuzo ya Nobel ya Fizikia.

JICHO HUJUMLISHA

Retina ya jicho ina aina tatu za seli zipambanuazo rangi. Aina moja huamshwa zaidi na mawimbi marefu, ya pili na ya kati, na ya tatu na mafupi. Ubongo hulinganisha habari za aina hizo tatu na kuamua rangi. Kwa hiyo, nyekundu na kijani zikiingia jichoni pamoja kwa kiasi kifaacho, ubongo husema "manjano", ijapokuwa hakuna wimbi hata moja la manjano lililofika. Ikiongezwa buluu, huona nyeupe. Ndiyo maana kibao cha rangi zote hukusanya diodi tatu katika kila nukta: nyekundu, kijani na buluu.

Lakini diodi hizo ziko mbalimbali. Mbona hatuzioni moja moja? Jicho zima huweza kutenganisha vitu viwili ikiwa pembe kati yao haipungui sehemu moja ya 60 ya digrii. Diodi mbili zilizoachana kwa milimita 8 hufikia pembe hiyo kwa umbali wa mita 27 hivi. Ng'ambo ya hapo huungana na kuwa nukta moja yenye rangi moja.

MATATIZO YA FUNDI

Kuchanganya rangi kuna taabu zake. Fuwele nyekundu hupoteza mwanga kwa joto kuliko ile ya kijani. Kibao kilichochomwa na jua la mchana, kisiporekebishwa, manjano yake ya mchanganyiko huelekea ukijani. Kwa sababu hiyo, na kwa kupunguza gharama, vibao vingi vya maandishi hutumia diodi za kaharabu peke yake, ambazo rangi yao hutoka katika fuwele ya aina moja.

Mwanga nao hupimwa kwa muda. Diodi huwashwa na kuzimwa mamia ya mara kwa sekunde; ikikaa ikiwaka nusu ya muda huo, jicho huona nusu ya mwanga. Kamera yenye kasi haidanganyiki hivyo, na picha ya kibao mara nyingi hutoka na mistari iliyozimika. Uso wa kibao huwa mweusi ili usirudishe nuru ya jua na kufifisha rangi. Ndiyo sababu tarakimu za mwendo, ambazo kwenye kibao cha bati ni nyeusi juu ya nyeupe, hapa ni nyeupe juu ya nyeusi.

Hata hivyo rangi peke yake haitoshi. Kati ya wanaume wenye asili ya Ulaya, takriban 1 katika kila 12 hawapambanui vema nyekundu na kijani. Kwao, umbo la X na la duara hubeba ujumbe hata rangi inaposhindwa.

JARIBIO LA DARASANI

Washa simu yenye kioo cha rangi, na ufungue ukurasa mweupe. Chovya ncha ya kijiti majini, na uweke tone dogo mno juu ya kioo. Tone litakuza kama lenzi, nawe utaona vijinukta vyekundu, vya kijani na vya buluu. Kisha fungua picha ya manjano: ni vijinukta vipi vimezimika? Mwalimu na awaulize wanafunzi sababu yake kabla hawajasoma tena makala haya.