Vinara wa Ukimya Angani

Walokele wa kando ya Mto Kongo, kati ya Isangi na Yakusu karibu na Kisangani, walipelekeana habari kwa ngoma ya gogo lililochongwa. John Carrington, mmisionari wa Yakusu aliyeandika kitabu juu ya ngoma hizo mwaka 1949, alieleza kuwa usiku ujumbe ulifika kilomita 10 hivi. Sauti nzito hupenya msitu. Nyembamba hufyonzwa na majani. Fundi wa ndege za mfano anapambana na kanuni hiyo hiyo. Sailensa yoyote ya maana kwenye bomba la moshi la injini huua mlio mkali, lakini ule mvumo wa chini hubaki, na ndio unaomfikia jirani aliyelala mbali na uwanja.

Kwa udogo wa injini, sifa ni ya Cox Tee Dee .010 ya Marekani, injini yenye silinda ya sentimita za ujazo 0.16, iliyotengenezwa kiwandani kwa wingi na kuzunguka zaidi ya mara 20,000 kwa dakika. Hulia kama nyigu. Injini za sentimita 10 za ujazo ndizo zenye kazi kuzinyamazisha. Ikiwa ya stroki mbili na kuzunguka mara 12,000 kwa dakika, hutema moshi mara 200 kila sekunde, na kila pigo hutoka kwa kishindo. Dawa ya kwanza ni nafasi: mkebe wenye ujazo mkubwa mara nyingi kuliko silinda, ili gesi itanuke na kupoa kabla ya kupita tundu dogo la mwisho. Ukibana tundu bila kuongeza ujazo, injini hupata joto na kupoteza nguvu.

Wengi waliamini kwamba ukimya lazima ulipiwe kwa nguvu. Mwaka 1966, katika mashindano ya dunia ya ndege za mwendo kasi zinazoendeshwa kwa waya, Mmarekani Bill Wisniewski alishinda kwa injini yenye bomba lililopimwa urefu. Elimu ya bomba hilo ilitoka kwenye pikipiki, hasa za MZ ya Ujerumani Mashariki, alikofanya kazi Walter Kaaden. Bomba hilo hupanuka, kisha hufinyana. Wimbi la shinikizo likifika penye upana, hurudisha mvuto unaonyonya moshi. Likifika penye kufinyana, hurudisha msukumo unaozuia mafuta mabichi yasitoroke silindani. Urefu ukikosewa, faida hupungua sana. Ukimya wenyewe hukamilishwa na chumba cha pili mwishoni.

Kwa safari ndefu namheshimu zaidi mjenzi wa ndege za mfano Maynard Hill. Agosti 2003, akiwa na miaka 77 na macho yamefifia sana, ndege yake TAM-5 ilitoka Newfoundland hadi Ireland, kilomita 3,000 na ushei kwa karibu saa 39, ikiwa na uzito usiofika kilo 5. Injini ilikuwa ya stroki nne, ambayo hutema moshi nusu ya mara za stroki mbili kwa mizunguko ile ile.

Lakini taji la ukimya nalitoa kwa ndege ya rubani, Lockheed YO-3A, iliyopelekwa Vietnam mwaka 1970 kupeleleza usiku. Moshi wake ulipitishwa kwenye sailensa ndefu ubavuni, na propela pana ya mbao ilizungushwa polepole kwa mikanda. Baadaye NASA waliifunga maikrofoni ili kupima kelele za helikopta, kwa kuwa mlio wake wenyewe haukuzifunika kelele hizo. Propela ndiyo wajenzi wengi wa ndege za mfano wanaisahau: wanahangaika na bomba huku ncha za propela ya inchi 10, kwa mizunguko 12,000, zikikata hewa kwa karibu mita 160 kwa sekunde. Weka yenye kipenyo kikubwa na mkato mkali zaidi, injini ishushe mizunguko, na kelele hupungua kabla hujagusa sailensa. Uingereza, mwongozo wa mwaka 1982 uliweka kikomo cha desibeli 82 kwa umbali wa mita 7, na bila kubadili propela ni vigumu kukaa chini yake.

Ukishuka Mto Kongo kutoka Kisangani ya Walokele hadi jimbo la Équateur, huko mwaka 2019 ndege isiyo na rubani iliruka kutoka Mbandaka hadi Widjifake kujaribu kupeleka chanjo. Ilitumia umeme, haikuwa na moshi wala bomba. Kinachosikika kwa ndege ya aina hiyo ni propela zaidi ya yote.