Kusaka Hazina Samunge

Mnakwenda kupiga kambi Loliondo na watoto hawabanduki kwenye simu? Msiwanyang'anye, zigeuzeni simu hizo dira!

Jiokeshingi ni mchezo wa kusaka kopo lililofichwa kwa kufuata namba za GPS. Ulianzia Oregon, Marekani, Mei 2000, siku chache tu baada ya serikali yao kuacha kuvuruga mawimbi hayo kwa raia. Ukilipata unasaini daftari. Ukichukua kitu, unaacha kingine.

Sisi tulicheza Samunge, kijiji cha kikombe cha Babu kilichofurika watu mwaka 2011. Kwanza tulipiga hodi kwa mwenyekiti. Wazee wakatuonyesha pasipoingiwa. Mume wangu akaficha, mimi na watoto tukasaka. Ardhi ina wenyewe, jamani. Ombeni kwanza, mkiondoka ondokeni na kopo lenu.