Fegi haimo kwenye daftari

Saa kumi na mbili asubuhi, dukani kwa Mangi, pakiti ya sigara imeshafunguliwa. Kiberiti cha gesi kinaning'inia kwa uzi kwenye nondo za dirisha. Dereva wa bodaboda, saidia fundi, mlinzi anayetoka lindo: kila mmoja anaweka sarafu ya mia mbili, anapewa fegi moja, anauvuta ule uzi, anawasha. Hakuna anayejiona ametumia hela.

Uswahilini karibu kila kitu kinanunuliwa hivyo. Sukari robo, mafuta ya kupima, sabuni kipande. Tunajua kabisa kwamba anayenunua kidogo kidogo ndiye anayelipa zaidi, ila ndiyo hali. Tofauti ni kwamba hela ikipungua, mafuta hupimwa kidogo, na siku nyingine mboga huchemshwa tu. Fegi haina robo. (Wapo wanaoachiana pafu, lakini huo ni ukarimu wa kijiweni.) Nikotini inadai kila baada ya saa chache, na inalipwa kabla ya mwenye nyumba.

Tuchukue mtu wa fegi sita kwa siku, kila moja shilingi 200. Hiyo ni 1,200 kwa siku, 36,000 kwa mwezi. Sembe ikiwa 1,800 kwa kilo, amevuta kilo 20. Kwa mwaka ni 438,000. Mwombe kiasi hicho kwa mkupuo atakuuliza kama umemwona ana benki. Na ni huyohuyo anayeacha 5,000 mezani, akirudi jioni anauliza mbona nyanya zimekuwa chache.

Si mtu mmoja wala wawili. Utafiti wa kitaifa wa mwaka 2018 ulikadiria watu wazima milioni 2.6 wanatumia tumbaku Tanzania, wengi wao wanaume. Wamo pia akina mama wa ugoro, ambao huwa tunawasahau kwa sababu hawatoi moshi.

Tanzania ni mwanachama wa mkataba wa Shirika la Afya Duniani wa kudhibiti tumbaku tangu 2007, na ibara yake ya 16 inazitaka nchi zijitahidi kuzuia uuzaji wa sigara moja moja. Kenya, kwa sheria yake ya 2007, ilikataza pakiti yenye sigara pungufu ya kumi. Nenda vibanda vya Nairobi ujionee zinavyouzwa moja moja. Kodi ina nguvu zaidi: shirika hilo linakadiria kwamba bei ikipanda kwa asilimia 10, katika nchi za kipato kama chetu matumizi hushuka kwa takriban asilimia 5. Naiunga mkono, ingawa najua asiyeacha ataitoa nyongeza hiyo kwenye hela ya kula.

Mama anayeweka hesabu za nyumba huandika kodi ya nyumba, umeme, ada, marejesho ya vikoba. Sigara haimo, maana haikuwahi kupita mikononi mwake. Zile za mkopo zimo kwenye daftari la Mangi. Mwisho wa mwezi, akitumwa kwenda kulipa deni, ndipo anapolisoma akiwa amesimama pale dirishani: sukari robo, fegi 3, fegi 4, mkate, fegi 5.