Dushi inavuja: tafuta kwanza maji inapita wapi

Mu Bukavu, nyumba nyingi ziko kwenye mteremko, na dushi ya mmoja iko juu ya ukuta wa mwingine. Maji ikivuja huku juu, inashuka polepole mpaka kwa jirani wa chini. Kama ukuta wake ni wa matofali mabichi, unalegea, na kuta zilizolegea zinaweza kuanguka mvua ikizidi. Ugomvi wa majirani unaanzia hapo.

Wengi wetu, tukiona ukuta umelowa, tunaita masoni apige simenti mpya juu ya ile ya zamani. Kisha mwezi mmoja, maji inarudi. Ni juu ya kuziba mahali inapotokea, si mahali inapoingilia.

Jaribu hivi

Kwanza, funga robine zote za nyumba, halafu angalia konteri ya maji. Kama inaendelea kuzunguka, tiyo imepasuka mahali fulani. Hiyo ni kazi ya plombie.

Kama konteri imesimama, ziba tundu la dushi na kitambaa, mwaga maji yenye kimo cha vidole viwili, piga alama ya makaa ukutani, ungoje saa tatu au ine. Maji ikishuka chini ya alama, na kitambaa kimekaza vizuri, chini ndiko kunavuja. Isiposhuka, toa kitambaa uiache iende: ukuta ukilowa sasa, tiyo ya kutoa maji njo mbaya. Bado hakuna kitu? Mwagia kuta maji, upande mmoja kwa mara moja, na uangalie.

Kutengeneza

Kwa dushi ya simenti, usipake tu juu ya ufa. Upanue kwa nyundo na burini, ondoa vumbi yote, lowesha, kisha jaza simenti: kipimo kimoja cha simenti kwa vitatu vya mchanga laini uliochujwa, pamoja na dawa ya kuzuia maji inayouzwa kenkayeri. Kona ya ukuta na chini, usiiache kali, iviringishe, kwani ufa unapenda kuanzia pale. Chini iteremke kuelekea tundu, santimeta moja ao mbili kwa kila meta. Funika na gunia lenye maji siku tatu ili simenti isikauke haraka na kupasuka tena.

Kwa dushi ya karo, mara nyingi ni silikoni ya kona ndiyo imechoka. Ikwangue yote kwa kisu. Silikoni mpya haishiki juu ya ya zamani. Osha weusi kwa maji ya Javel (usiichanganye hata kidogo na asidi ya kusafishia choo, moshi wake ni sumu), suuza, acha ikauke siku nzima. Piga mstari mmoja bila kukatisha, laini kwa kidole chenye maji ya sabuni. Msioge pale kwa saa 24.

Kama ukuta uliolowa uko na priz ya umeme, kata kura kwanza, usiguse kitu.

Na kama unapanga?

Mpangaji, usitoe franka yako kimyakimya. Mwite mwenye nyumba aone mwenyewe, patana naye kama pesa itakatwa kwenye kodi, na muandike kwenye karatasi, wote mtie sinyatire. Tunza fakture ya simenti. Siku ya kudai garanti yako, ile karatasi ndiyo itakusemea.

Na mama ao baba wa huko chini akikuja kulalamika, usimfukuze. Mkaribishe aingie mu dushi, mfanye jaribio la maji pamoja. Akiona kwa macho yake kama maji inatoka kwako ao haitoke kwako, maneno yatakuwa mafupi.