Wavu wa Dirisha Ukijaa Vumbi

Nenda kwenye dirisha la chumba chako. Pitisha kidole juu ya wavu. Je, kidole kimekuwa cheusi?

Huku Temeke na Kinondoni nyumba nyingi zina wavu madirishani na kwenye matundu ya hewa. Wavu unazuia mbu, na hilo ni jambo jema. Lakini unanasa pia vumbi la barabarani na masizi ya jiko. Siku zikipita, vijitundu vinaziba.

Fikiri juu ya chujio la chai. Usipomwaga majani ya jana, chai ya leo itapita katika uchafu wa jana. Hewa nayo ni hivyo hivyo. Upepo ukivuma, vumbi la zamani linaanguka kitandani na kwenye chakula. Wakati wa masika, Machi hadi Mei, vumbi hilo linapata unyevu, na ukungu unaota. Mwenye pumu anabanwa kifua. Watoto wanakohoa.

Viyoyozi vya madukani na maofisini vina chujio pia. Wengi wanadhani kiyoyozi kinaleta hewa mpya. Vingi havileti, bali vinazungusha hewa ile ile ya ndani.

Iko hatari kubwa zaidi. Wavu, hata ukiwa safi, hauchuji hewa ya sumu inayotoka katika mkaa. Sumu hiyo haina rangi wala harufu. Mvua ikinyesha wapo wanaoingiza jiko chumbani, na dirisha limezibwa kwa vumbi au gunia. Mtu anaumwa kichwa, anaona kizunguzungu, anasinzia, naye anaweza kufa usingizini. Jiko la mkaa likae nje au barazani. Ukimkuta mtu amelegea, mtoe nje upesi, kisha mpeleke hospitali.

Usiufagie wavu ukiwa mkavu, maana vumbi litaingia puani. Funga kitambaa puani, watoe watoto chumbani, kisha ufute kwa kitambaa kilicholowa maji ya sabuni. Wavu unaotoka, uoshe nje na uuanike. Ukiona tundu, lishone, mbu wasiingie. Wazee wanakumbuka mwaka 1973, wakati wa kampeni ya Mtu ni Afya. Watu walisikiliza redio katika vikundi, kisha wakaenda kuchimba vyoo. Kuosha wavu ni kazi ndogo kuliko hiyo.

Chujio la kiyoyozi nalo huoshwa kwa maji. Kwanza zima umeme. Likaushe kivulini kabla ya kulirudisha, kwani likirudi bichi litaota ukungu tena.