Kifua Kikimshika Mtu Ghafla, Apimwe Presha Mikono Yote Miwili

Hapa Mkomani mtu akishikwa na kifua, wa kwanza atasema ni gesi, wa pili vidonda vya tumbo, wa tatu moyo. Mara nyingi mmoja wao huwa amepatia. Lakini kuna maradhi machache kutokea yanayojificha nyuma ya majina hayo matatu: kuchanika kwa aota, mshipa mkuu unaotoa damu moyoni. Mfalme George wa Pili wa Uingereza alikufa nayo mwaka 1760, na sababu ilijulikana maiti yake ilipopasuliwa.

Ukuta wa aota una matabaka matatu. La ndani likichanika, damu hupenya katikati na kuyatenganisha, kama maji yanavyoingia nyuma ya lipu. Ikibana tawi la mkono, mkono hukosa damu. Ikibana la kichwa, mtu hupooza, na sote tutasema kiharusi.

Maumivu yake hayapandi pole pole. Huja kwa kishindo, makali tangu dakika ya kwanza, kifuani au baina ya mabega, kisha huweza kushuka mgongoni hadi tumboni. Wengine hawaumwi, huzirai tu. Aliye hatarini zaidi ni mwenye presha ya miaka mingi, na wenzetu wangapi huacha dawa kwa kuwa wanajisikia wazima!

Ndipo nasema presha ipimwe mikono yote miwili. Ni mashine ile ile, dakika chache tu. Tofauti ikizidi 20, daktari ana sababu ya kushuku aota. Isipokuwepo, bado si hakikisho. Kinachothibitisha ni picha ya CT yenye dawa ya mshipani. Kushuku mapema ni muhimu kwa sababu dawa za kuyeyusha damu iliyoganda, anazopewa mwenye mshtuko wa moyo, huyu zaweza kumuua.

Mpasuko ukiwa karibu na moyo, tiba ni upasuaji wa haraka. Kwetu safari ni boti hadi Mokowe, kisha barabara ndefu ya Mombasa, kwa hiyo maumivu yatulizwe na presha ishushwe kabla mgonjwa hajapakiwa. Nanyi mnaomsindikiza, mwambieni daktari yalianza saa ngapi, yalianzia wapi, yakahamia wapi, na dawa ya presha aliiacha lini.