KABLA HUJARUSHA DRONI HIFADHINI, SOMA HAPA

Unauza kofia au nguo za safari na unataka tangazo lenye tembo wa Mikumi kwa nyuma? Wazo zuri, ila droni hairushwi kienyeji. Lazima iwe na kibali cha TCAA, halafu upate ruhusa ya TANAPA. Hata ukisimama barabara kuu inayokatiza hifadhi, usirushe bila ruhusa.

Sababu ipo. Tembo akisikia ule mlio anakimbia, ndiyo maana askari wa wanyamapori huwa wanatumia droni kuwafukuza mashambani.

Ukikodi mpiga video, usitume advansi kabla hajakuonyesha vibali. Akikwambia "tutaongea getini", achana naye. Droni ikikamatwa, tangazo hamna na hela yako imeenda.

Bajeti ndogo? Simu yako inatosha.